Kompyuta moja, wanafunzi 43

Uvira, mtaa wa Kalundu. Katika shule moja ya sekondari, wanafunzi 43 wa mwaka wa tatu wanasomea kompyuta ubaoni. Wamekwisha kunakili daftarini: klavye ni chombo cha kuingiza, ekrani ni chombo cha kutoa. Wengi hawajagusa klavye hata siku moja.

Juma hili mwalimu wao alikuja na kompyuta yake ndogo ya kubeba, aliyoichaji kwa jirani mwenye sahani ya jua. Betri yake inadumu saa moja tu. Kabla ya kuiwasha akauliza: "Mama akipeleka mihogo kwenye mashine ya kusaga, anarudi na nini?" Wote wakajibu: unga. "Na kama mihogo iko na mchanga?" Darasa likacheka.

Ndipo akaeleza. Klavye, panya, mikrofoni na kamera vinaingiza. Ekrani, spika na imprimanti vinatoa. Katikati kuna mashine inayosaga, nayo haijui herufi wala sauti, inajua 0 na 1 tu. Ukiandika A kubwa, ndani inakuwa namba 65, kisha ekrani inakurudishia A. Ekrani ya simu ya kugusa inafanya kazi zote mbili.

Msichana mmoja akainua mkono. Mwezi uliopita mama yake alimpa simu atume franka za shule. Alikosea tarakimu moja, pesa zikaenda kwa mtu asiyemjua, naye akafukuzwa darasani siku nne. "Mwalimu, kosa ni la simu ao ni langu?"

Mwalimu hakumcheka. Alimwambia kwamba simu ilisaga kile ilicholetewa. Lakini kabla ya kutuma, ilimwandikia namba ile na kumuuliza kama anakubali. Hilo nalo ni jibu la mashine, na lazima mtu alisome. "Hata mama anachekecha unga kabla ya kusonga bugali."

Wakapanga mstari, kila mmoja dakika moja. Wengi waliandika majina yao haraka haraka. Yule msichana aliandika namba ya mama yake, akaisoma mara mbili kwenye ekrani, kidole kikiwa bado juu ya kitufe.

Betri ilizimika wanafunzi tisa wakiwa bado mstarini. Hao ndio watakaoanza juma lijalo, kama jua litawaka.