Mwanao Akienda Kusoma Jeonju

Kama mwanao amepata nafasi ya kusoma Korea ya Kusini, katika mji wa Jeonju, usikubali amalize siku zake za mapumziko madukani.

Mwambie kwanza aende kanisa la Jeondong. Ni kanisa la matofali, lilianza kujengwa mwaka 1908, na mawe ya msingi wake yalitoka katika ukuta wa mji uliobomolewa. Hapo ndipo walipokatwa vichwa mwaka 1791 Paulo Yun Ji-chung na binamu yake, Yakobo Kwon Sang-yeon. Kosa lao? Mama yake Yun alipofariki walimzika Kikristo, wakakataa tambiko, na vibao vya wahenga wakavichoma moto. Sisi tuliokulia penye matambiko twajua uzito wa jambo hilo mbele ya ukoo. Basi ayatazame mawe yale bila haraka. Mifupa yao ilitambuliwa mwaka 2021, karibu na mji huo.

Kisha avuke barabara aione Gyeonggijeon, nyumba iliyojengwa mwaka 1410 kwa ajili ya picha ya mfalme Taejo. Jirani yake ni mtaa wa nyumba za kale zenye mapaa ya vigae. Viatu huachwa mlangoni, na watu hulala sakafuni. Lakini sakafu yenyewe hupashwa moto kwa chini! Asikose kula bibimbap: wali, mboga, yai na pilipili katika bakuli moja, avichanganye vyote kwa kijiko.

Jumapili arudi Jeondong kwa Misa. Kama ni Januari avae koti zito, maana baridi ya huko hugandisha maji.