Barua kwa Mpwa Wangu Mwalimu

Mpwa wangu,

Mimi mjomba wako sijambo, ni magoti tu yananikumbusha miaka niliyosimama mbele ya ubao.

Umenieleza kwamba umeingizwa kwenye kundi la WhatsApp la walimu wa hisabati, na hadi leo hujatia neno, eti wakongwe watakuona hujui kitu. Kunyamaza siku za mwanzo si vibaya. Soma kwanza, ujue nani hujibu kwa hoja na nani ana kelele tu. Wa kutuma maua kila asubuhi hawakosekani, wapishe wapite.

Lakini usikae kimya mwaka mzima. Uliza, na uulize jambo lililokukwamisha darasani. Ukiandika “naomba mbinu za kufundisha kutoa,” utajibiwa “tumia zana, shirikisha wanafunzi,” maneno ambayo hata chuoni uliyasikia ukayachoka. Waeleze hivi: watoto wangu wa Darasa la Tatu nimewapa 402 − 178, wengi wameandika 376. Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha madaftari atajua mara moja kilichotokea. Kila safu wametoa namba ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu. Hapo ndipo utampata mtu wa kukwambia: chukua vijiti, funga kumi kumi, kisha vifungu kumi viwe mia. Wafungue mia moja wenyewe, wapate makumi kumi. Wafungue kumi moja, wapate mamoja. Wataona kwa macho yao kuwa zimebaki mia 3, makumi 9 na mamoja 12, na jibu la 224 halitakuwa tena amri ya mwalimu. Jibu la namna hiyo lina thamani kuliko mafaili mia ya maandalio ya somo. Andalio la kuombwa, mwanangu, halilijui darasa lako, wala aliyeliandika hawajui watoto wako.

Ukishajaribu, rudi uwaambie imekuwaje, hata kama imegoma. Wengi huchukua wakapotea, na mimi nauona huo ni utovu wa adabu.

Ukipiga picha ya daftari, funika jina. Picha ya mtoto, alama zake au habari za kwao usizitume kabisa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, mzazi alikukabidhi mtoto, hakukukabidhi mazungumzo. Kundi moja laweza kubeba watu 1,024. Humo usimseme mwalimu mkuu wako, maana ujumbe husambazwa kabla hujawahi kuufuta. Anayetangaza kuwa ana mtihani wa taifa “uliovuja,” usimjibu wala usimsambazie mtu. Toka humo.

Tena, simu isikutoe kwenye vikao vya MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, hapo shuleni. Mtandaoni kila mtu hufundisha vizuri. Mwenzako wa shuleni ndiye anayeweza kukaa nyuma ya darasa lako akaona unapoharakisha, na ndiye utakayekunywa naye chai mkizungumzia alichokiona.

Sasa basi, usisubiri Jumatatu. Andika lile swali la 402 − 178 jioni hii, ulitume, kisha unipigie uniambie wamejibu nini.

Mjomba wako.