Minyoo ya tangi langu: adui au mfagiaji?

Wasomaji wangu wa siku nyingi, leo tuweke kodi kando kidogo. Mbali na kuandika programu nina ugonjwa mwingine: tangi la lita 100 la maji ya chumvi, hapa hapa Burumba, mjini Busia. Ndiyo, zaidi ya kilomita 800 kutoka baharini. Ziwa Victoria liko karibu lakini maji yake ni baridi, hayanisaidii. Nanunua chumvi maalumu ya matangi (si ya jikoni, tafadhali) na kuchanganya gramu 35 hivi kwa lita.

Usiku mmoja nilimulika tochi nikaona minyoo ikichungulia kwenye vitundu vya mawe. Ya waridi, mirefu kama kidole, ina vinyweleo vyeupe ubavuni. Nilihesabu hadi 30 nikaacha. Nikagusa mmoja. Wacha! Vinyweleo vile hukatikia kwenye ngozi. Nilivitoa kwa selotepu, na bado kidole kiliniwasha siku mbili.

Basi nikafanya kile anachofanya mwanaprogramu mchanga akikuta faili asiyoijua: nikafuta. Nilitumbukiza mawe yote kwenye ndoo ya maji ya mvua. Michache ilidondoka, nikajipongeza, nikarudisha mawe. Siku ya tatu maji yalikuwa kama yaliyooshea mchele. Kipimo cha amonia, ambacho kinatakiwa kusoma sifuri, kiligeuka kijani. Samaki wangu wawili, wa aina ya yule Nemo wa filamu, walikuwa wamelala chini. Binti yangu ndiye aliyewaona kwanza.

Kumbe minyoo mingi ilifia ndani ya mawe ikaoza humo. Tena maji yasiyo na chumvi yaliua hata bakteria wanaobadilisha amonia kuwa naitreti. Niliua mfagiaji na mzoa taka siku moja.

Wanaoandika Java wanajua kile kikusanya taka kinachopita chinichini kikiachilia kumbukumbu isiyotumika. Minyoo hii ndiyo hiyo. Inakula mabaki ya chakula, kinyesi na mizoga, ndani ya matundu ambako pampu haifiki. Ikikutwa juu ya samaki aliyekufa husingiziwa mauaji, ilhali mara nyingi imefika kwenye matanga tu. Na ikizaana sana, kosa ni la mlishaji. Mimi nilikuwa nalisha mara tatu kwa siku!

Si yote ni malaika, lakini. Hermodice carunculata wa Atlantiki hula matumbawe hai. Na mwaka 2009, kwenye Blue Reef Aquarium ya Newquay, Uingereza, wafanyakazi walishangaa matumbawe yanakatwa na nani, mitego ikaharibiwa, mpaka walipoondoa mawe wakakuta mnyoo wa zaidi ya mita moja. Huyo unamtoa. Kwa hiyo kabla ya kuhukumu, funika tochi kwa karatasi nyekundu ya plastiki, kaa usiku utazame: unakula kilichokufa au kilicho hai?

Jiwe moja lilikuwa limebaki kwenye ndoo yake ya maji ya chumvi, na minyoo ndani. Nimelirudisha. Sasa tangi ni tupu, natupia punje chache tu za chakula ili bakteria warudi. Jumapili iliyopita nilihesabu minyoo saba. Samaki wapya sijanunua, na binti yangu anauliza kila jioni akitoka shule.