Theluji na Baridi

Marangu, kilometa zipatazo 40 kutoka Moshi mjini, ni nchi ya vijito na migomba, na hoteli zake mbili kongwe, Kibo na Marangu, zilipata sifa kwa wageni waliokuja kuupanda Kilimanjaro. Marafiki watatu kutoka visiwani, waliofika huko asubuhi moja ya Julai, hawakuja kupanda. Mkubwa wao, maalimu mstaafu, alikuwa amesomesha neno “theluji” kwa miaka 30 bila ya kuiona theluji yenyewe, na magoti yake yalikwisha kumwonya kuwa safari nyingine haitakuwapo.

Mlima ulikuwa umejifunika wingu. Wakapita vihambani, ambamo kahawa huota chini ya migomba na maji ya mifereji ya kale hugawanywa kwa zamu. Wakateremka hadi maporomoko ya Kinukamori. Wakapanda hadi lango la hifadhi. Hapo wakazungumza habari za Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, waliofika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, na za Yohani Kinyala Lauwo, mwana wa Marangu, anayekumbukwa kuwa ndiye aliyewaonyesha njia.

Maalimu akawakumbusha mtu mwingine. Mwaka 1848, mmisionari Johannes Rebmann, akisafiri kutoka Rabai pamoja na watu wa pwani, aliuona weupe juu ya mlima na kumuuliza kiongozi wake ni kitu gani. Yule hakuwa na jina lake. Alisema ni baridi tu. Rebmann akaandika kuwa ni theluji, na huko Uingereza wakatokea wataalamu wa kumbishia.

“Mwenzetu hakukosea,” alisema maalimu. “Alikitaja kwa kile alichokijua mwilini.”

Alasiri, barazani, mzee mwenyeji wao alisimulia kuwa utotoni mwake weupe ule ulishuka chini zaidi. Ni kweli: zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 imekwisha kutoweka.

“Ikiyeyuka yote,” maalimu aliuliza, “nitakuwa nimewasomesha watoto kitu gani?”

Mdogo wao, fundi wa mashua, akajaribu kumliwaza: “Maalimu, mtepe nani aupandaye siku hizi? Na bado watajwa katika tungo.”

“Mtepe tuliushona wenyewe, bwana. Tukitaka, tutaushona tena. Hii hatuishoni.”

Fundi hakuwa na jawabu. Chai ikaletwa, ikanywewa kimya.

Jua lilipokaribia kuzama, wingu likapasuka. Kibo ikaonekana: jiwe jeusi, na juu yake michirizi michache myeupe, kama chokaa iliyobaki katika ukuta wa gofu. Maalimu alisimama, akaitazama bila ya kusema neno mpaka wingu liliporudi. Kisha akamwomba mwenyeji shuka ajifunike mabega.