Namba 9, si namba 11

Jamani, nilipotea kidogo. Kwanza nilikuwa Dodoma na habari za Bunge la bajeti, kisha nikapitiliza Tanga, na Tanga ndiko kulikonichelewesha. Leo sina siasa. Nataka kuwaeleza jinsi nilivyokaribia kuivunja mandolini ya baba mkubwa kwa tofauti isiyozidi unene wa unywele.

Baba mkubwa alikuwa baharia. Katika safari zake alirudi na mandolini ya Kiitaliano, ile ya mgongo wa mviringo kama kibuyu kilichopasuliwa katikati. Ina nyuzi 8, zimepangwa mbili mbili, na sauti zake ni zilezile za fidla: G, D, A na E. Tulipokuwa watoto alikuwa akiipiga barazani baada ya chakula cha usiku, na majirani walikuwa wanapunguza redio. Halafu akaacha. Kwa karibu miaka kumi kitu kile kimening'inia ukutani. Kila nikiuliza, jibu ni moja: "Nyuzi zimechakaa, mwanangu."

Mimi nikaamini. Msomi mwenye mshahara (mdogo, lakini mshahara) anashindwaje na nyuzi? Kariakoo nilizunguka nikakuta za gitaa tu. Bahati nzuri kuna rafiki alikuwa anakuja kutoka London. Akaniuliza: "Unataka za unene gani?" Hapo ndipo nilipojua kwamba kuna swali.

Nikasoma harakaharaka. Unene wa nyuzi hupimwa kwa elfu za inchi. Ukisikia seti ya "11 hadi 40", maana yake uzi mwembamba kabisa, ule wa E, una unene wa elfu 11 za inchi, na ule mnene wa G una elfu 40. Nikaona seti inayosifiwa sana na wapigaji wa Marekani, D'Addario EJ74, yaani 11, 15, 26 na 40. Sauti kubwa, wanasema. Nikaagiza hiyo. Kazini mhariri angenirudishia habari ya namna hii usoni: umeongea na watu wote isipokuwa mhusika mwenyewe!

Nikafika Tanga, shikamoo, marahaba, nikafungua pakiti mbele ya familia nzima kama mganga. Jioni nikavuta nyuzi zote nane mpaka simu ikakubali kwamba sauti ziko sawa. Zilivuma kweli. Baba mkubwa akaishika, akakandamiza uzi, akaachia. Akajaribu tena. Kisha akanirudishia taratibu: "Nzuri. Piga wewe."

Mimi sijui kupiga hata noti tatu.

Asubuhi nikaichukua tena. Nyuzi zilikuwa zimenyanyuka juu ya shingo kuliko jana, na ubao wa mbele, pale daraja linapokalia, ulikuwa umebonyea. Nikaikimbiza kwa mzee mmoja anayetengeneza ud na fidla za taarabu. Hakunisalimu vizuri. Alisema neno moja tu: "Legeza."

Baada ya kulegeza ndipo akanifundisha. Sauti ya uzi inategemea mambo matatu: urefu, uzito na mvutano. (Baadaye niligundua kwamba Mfaransa Marin Mersenne aliyaandika hayo mwaka 1636, lakini mzee hakuwa na haja naye.) Urefu wa uzi kwenye mandolini umeshawekwa na fundi aliyeitengeneza. Sauti unayoitaka nayo inajulikana. Kwa hiyo ukiongeza unene, umeongeza uzito, na mvutano hauna budi kupanda. Tena haupandi kidogo kidogo. Unene ukizidi mara mbili, mvutano unazidi mara nne.

Nilipiga hesabu kwa mandolini ya baba mkubwa, ambayo uzi wake una urefu wa sentimita 33 kutoka mwanzo wa shingo hadi kwenye daraja. Uzi mmoja wa E wa namba 9 unavuta kilo 6.2 hivi. Wa namba 11 unavuta kilo 9.2. Tofauti ya unene ni milimita 0.05, lakini mzigo umeongezeka karibu nusu! Jumlisha nyuzi zote nane: seti nyepesi ya 9 hadi 32 inavuta karibu kilo 50, yaani mfuko mmoja wa saruji. Seti niliyonunua mimi inavuta karibu kilo 70. Nilimbebesha kibibi kizee mfuko mmoja na ndoo ya maji juu, nikamwacha asimame nao usiku kucha.

Seti ile haina kosa. Ilitengenezwa kwa chombo kingine. Nyuzi za chuma zilianza kuvaliwa na mandolini za Napoli katika karne ya 19, na fundi Pasquale Vinaccia hutajwa kwa maboresho ya mwaka 1835. Zile zilikuwa na ubao mwembamba na nyuzi nyepesi. Marekani walikuja na umbo lao: Orville Gibson alipata hataza mwaka 1898 kwa mandolini ya ubao uliochongwa kwa mbinde kama wa fidla, na mwaka 1922 kampuni ya Gibson ikatoa F-5, aina aliyokuja kuipiga Bill Monroe. Mwili huo unabeba namba 11 bila kulalamika. Wa baba mkubwa haukuzaliwa hivyo.

Mzee wa ud aliniuliza kitu kingine kilichonichoma: "Vidole vyake umeviangalia?"

Sikuwa nimeviangalia. Jioni ile nikaviangalia. Viungo vimevimba, kidole cha pete hakikunji sawasawa. Uzi ukivuta sana, na kidole kinatakiwa kuusukuma kwa nguvu zaidi. Na kwenye mandolini unakandamiza nyuzi mbili kwa pamoja. Miaka kumi tumekuwa tukisikia kwamba nyuzi zimechakaa, na hakuna aliyeuliza zaidi. Ilikuwa rahisi kwake kuzisema nyuzi.

Kuna na hili. Kwenye pakiti ya nyuzi za zamani nilikuta uzi mmoja wa ajabu. Akacheka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, dukani hakuna sabuni sembuse nyuzi, alichambua waya wa breki ya baiskeli akatoa uzi mmoja akaufanya E. Nikaupima kwa maikromita ya fundi wa mashine: milimita 0.3, karibu namba 12. Mnene kuliko hata wangu! Ulihimilije? "Nilikuwa nashusha sauti zote," akasema. Ukishusha noti nzima, mvutano unapungua kwa karibu moja ya tano. Hesabu hiyo alikuwa nayo vidoleni kabla sijazaliwa.

Basi nikaagiza upya, safari hii 9 hadi 32. Zilipofika nilizibadilisha moja moja, maana daraja la mandolini halikugundishwa. Ukitoa nyuzi zote kwa mpigo, linaanguka. Ubao haukurudi kama zamani, lakini haukuendelea kubonyea. Sauti ni ndogo, sitawadanganya. G imelegea kidogo, na ukipiga kwa hasira inagonga shingo. Baba mkubwa akazishusha noti nzima juu ya hayo. Nikamwambia haitalingana na chombo kingine chochote. "Mimi napiga peke yangu," akanijibu, "nani atanishitaki?"

Alipiga dakika kumi hivi, akapumzisha mkono, akapiga tena. Kidole cha pete hakikutumika hata mara moja. Jirani mmoja alipunguza televisheni.

Zile namba 11 ninazo mezani, zimepigwa usiku mmoja tu. Kama kuna msomaji mwenye mandolini ya Kimarekani, ya mgongo bapa na ubao uliochongwa, aniandikie nimpatie bure. Ila nitamuuliza kwanza kuhusu vidole.