Nywila Ambayo Hata Fundi Haijui

Leo tuzungumzie nywila, na hasa swali ambalo watu huuliza mara nyingi: mbona ukisahau nywila yako, tovuti hukuambia uweke mpya badala ya kukukumbusha ile ya zamani? Jibu ni kwamba tovuti iliyotengenezwa vizuri haiijui nywila yako.

Si zote zilizo hivyo. Mwezi wa Desemba 2009 kampuni ya RockYou ya Marekani ilidukuliwa, na nywila zaidi ya milioni 32 zikachukuliwa zikiwa wazi kabisa. Hasara haikuishia hapo, kwani watu wengi hutumia nywila moja kila mahali, hata kwenye barua pepe.

Dawa yake ni hashi. Fikiria mahindi na unga: kusaga ni rahisi, lakini unga haurudi kuwa mahindi. Tovuti huweka unga tu. Ukija kuingia, inasaga ulichoandika kisha inalinganisha. Lakini kuna kusaga na kusaga. Hashi za LinkedIn zilizovuja mwaka wa 2012 zilikuwa za SHA-1 bila chumvi, yaani bila herufi za bahati nasibu zinazofanya nywila mbili zilizo sawa zitoe hashi tofauti. Tena SHA-1 ni ya kasi, na kasi humfaa mwizi anayebahatisha. Niels Provos na David Mazières walikuwa wameshaliona hilo mwaka wa 1999 walipotoa bcrypt: ina chumvi, na ni ya polepole makusudi. Ukiongeza kipimo cha gharama kwa moja, kazi inakuwa maradufu.

Nilipoombwa kuandika programu ya chama kimoja cha akiba, nilichagua lugha ya Haskell na maktaba yake iitwayo password. Mweka hazina, mama mmoja mwenye heshima zake, aliniambia, "Kijana wangu, wanachama wetu husahau sana. Nitengenezee ukurasa niwe naona nywila zao, niwakumbushe."

Nikamjibu, "Mama, hata mimi sitaziona. Na hiyo ni kinga yako. Siku pesa zikipotea, hakuna atakayesema uliijua nywila yake."

Alinyamaza kidogo, akasema, "Hapo nimekuelewa."

Maktaba hiyo inafanya ahadi kama ile iwe rahisi kutimiza. Nywila iliyo wazi ina aina yake, Password, na hashi ina yake, PasswordHash. Ukisema kwamba hifadhidata inapokea PasswordHash, kisha mtu akajaribu kuweka nywila wazi, kompaila inakataa hata kabla programu haijaanza. Ukijaribu kuichapisha Password kwenye kumbukumbu za seva, kinachotokea ni **PASSWORD** tu. Mlango wa kuiona upo, lakini unaitwa unsafeShowPassword, na neno la kwanza linakuonya kwamba si salama.

Kuna jambo jingine lililonifurahisha. hashPassword hufanya kazi ndani ya IO, kwa sababu lazima ichote chumvi mpya kila mara. checkPassword haihitaji hilo, kwani chumvi imo ndani ya hashi yenyewe. Inajibu tu PasswordCheckSuccess au PasswordCheckFail. Ukisoma aina peke yake unaona ni wapi bahati nasibu inaingia.

Basi wewe unayeandika programu, usijibunie njia yako ya kusaga. Tumia bcrypt, au Argon2 iliyoshinda shindano la Password Hashing Competition mwaka wa 2015. Na wewe mtumiaji, siku utakapobonyeza "nimesahau nywila" ukaletewa ile ile ya zamani, ibadilishe mara moja kila mahali ulikoitumia.