Laptopu Kuukuu Bado Inafanya Kazi

Wadau, acheni kudanganywa eti bila laptopu ya bei huwezi kufanya kazi ya maana. Hapa Wusi nina laptopu kuukuu ya Linux na bando la kuhesabu. Chama cha kina mama kikinipa video 60 za kilimo cha mboga, nikizipandisha zilivyo bando linakata katikati. Lazima nizipunguze kwanza.

Natumia xargs, programu ndogo ya enzi za Unix ya Bell Labs, miaka ya 1970. Haina vitufe wala picha. Unaipa orodha, kila jina mstari wake, na amri moja. Inairudia amri hiyo kwa kila jina:

ls *.mp4 | xargs -I {} ffmpeg -i {} -vf scale=-2:480 ndogo-{}

Penye {} ndipo jina linapoingia. Silipii programu yoyote, na sura za kina mama haziendi kwa seva ya mtu nisiyemjua.

Lakini xargs haiulizi mara mbili. Weka echo mbele ya amri uone itakachofanya, hasa kama ni rm, maana ikifuta imefuta.

Kama una laptopu imelala nyumbani eti ni nzee, iamshe leo.